Kubadilisha tanki la presha la kisima nyumbani: hatua kwa hatua, hadi jipya lidumu

Hapa Tabora malalamiko ni yale yale, iwe Ipuli, Isevya au Cheyo. Pampu ya kisima inawaka na kuzima kila koki ikifunguliwa. Mwenye nyumba ananunua tanki jipya la presha, linafungwa vizuri, hakuna panapovuja. Baada ya miezi michache pampu inarudia mchezo ule ule, na mwenye nyumba anarudi dukani akiamini kauziwa feki.

Mara nyingi tanki halikuwa feki. Lilifungwa bila mtu kupima upepo wake, au upepo ulipimwa tanki likiwa tayari na maji ndani, na kupima hivyo hakukuambii chochote. Ndiyo maana hatua ya 6 hapa chini ni ndefu kuliko zote. Nyingine unaweza kuzipitia haraka ukiwa na uzoefu, lakini hiyo isome yote.

Mwongozo ni wa mfumo wa kawaida: pampu imezama kisimani, maji yanapanda hadi penye swichi ya presha (inayowasha na kuzima pampu), geji na tanki, kisha yanaingia nyumbani kwa nguvu. Kama una simtanki chini na pampu ya juu ya ardhi inayosukuma maji ndani, hatua ni hizo hizo. Kama maji yako yanapanda kwenye simtanki juu ya mnara na kushuka yenyewe, huna tanki la presha na tatizo lako ni jingine.

## Kwanza hakikisha tanki ndilo lililokufa

Ndani ya tanki kuna mpira. Upande mmoja wa mpira ni maji, upande wa pili ni upepo. Pampu ikisukuma maji ndani, upepo unabanwa. Ukifungua koki, upepo uliobanwa ndio unaosukuma maji nje, na pampu inapumzika. Mpira ukipasuka, maji yanaingia upande wa upepo na hakuna tena cha kubanwa. Hapo pampu inawaka kwa sekunde chache, inazima, inawaka tena.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta vali ya upepo, iko juu au nyuma ya tanki chini ya kifuniko cha plastiki, na inafanana na ya tairi la gari. Bonyeza pini yake kwa ncha ya bisibisi.

Ukisikia upepo mkavu ukitoka, mpira bado mzima. Huenda upepo umepungua tu, na unaweza kuishia hatua ya 6 bila kununua kitu. Yakitoka maji, mara nyingi yenye rangi ya kutu na harufu ya chuma, mpira umepasuka. Hakuna kitakachotoka kabisa? Ongeza upepo kidogo kwa pampu ya mkono kisha ubonyeze tena. Tanki lililojaa maji huyatema hapo hapo.

Gonga tanki pia kwa kifundo cha kidole kuanzia juu hadi chini. Lililo zima husikika tupu upande mmoja na zito upande wa pili. Lililokufa husikika zito kote.

Matanki yenye sahani ya chuma mdomoni iliyokazwa kwa bolti hukuruhusu kubadilisha mpira peke yake. Fungua sahani, vuta mpira wa zamani, nenda nao dukani ukanunue wa ukubwa ule ule. Kabla ya hapo mulika ndani kwa tochi: ukuta ukiwa umeliwa na kutu, usipoteze mpira mpya humo. Tanki lisilo na sahani ya bolti hubadilishwa lote.

## Vifaa, viwe mkononi kabla ya kukata maji

- Tanki jipya. Ukubwa wake tunaupigia hesabu hapa chini.
- Geji ya kupimia upepo wa tairi, inayoonyesha bar au psi. Bar 1 ni sawa na psi 14.5.
- Pampu ya upepo yenye mdomo wa vali ya gari au pikipiki. Mdomo wa baiskeli nyingi za hapa haukai kwenye vali hii.
- Paipu renchi mbili. Mbili, narudia, na sababu utaiona hatua ya 4.
- Yunioni na koki ya kufunga, vyote vya ukubwa wa mdomo wa tanki, ambao kwa kawaida ni inchi 1. Ukiviweka leo, atakayebadilisha tanki baadaye hatalazimika kukata bomba.
- Koki ndogo ya kumwagia maji, kama mfumo wako hauna.
- Tepu nyeupe ya nyuzi, ndoo ya lita 20, mpira wa kumwagilia bustani, brashi ya waya na kitambaa kikavu.
- Testa ya umeme.
- Geji mpya ya maji. Ni kifaa cha bei ndogo, na ya zamani mara nyingi imeganda.

### Ukubwa wa tanki

Wengi hununua kwa macho, au hununua lita 24 kwa sababu ndilo lililokuwa dukani. Hapo pampu inaanza kuumia siku ya kwanza.

Lita zilizoandikwa kwenye tanki siyo maji utakayopata. Kwa swichi inayowasha kwenye bar 1.4 na kuzima kwenye 2.8, tanki lenye upepo sahihi hutoa karibu theluthi moja ya ukubwa wake kabla pampu haijawaka tena. La lita 100 hutoa kama lita 34. La lita 24 hutoa kama lita 8, hata ndoo ya kuogea haijai.

Kanuni yenyewe: pampu ikiwaka, ifanye kazi angalau dakika 1 kabla ya kuzima. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokimbia, na joto la kuanza kila mara ndilo linaloiunguza.

Fungua koki iliyo karibu na tanki kiasi kwamba pampu haizimi na mshale wa geji umetulia, kisha jaza ndoo ya lita 20 huku ukiangalia saa. Ikijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 30 kwa dakika. Unahitaji tanki la kutoa lita 30 kwa mzunguko, yaani la lita 100. Ukipata lita 15 kwa dakika, la lita 50 linatosha.

Soma pia kibandiko cha tanki. Presha ya juu linayoruhusu iwe kubwa kuliko presha ya juu kabisa ambayo pampu yako inaweza kusukuma, isiwe tu kubwa kuliko namba ya kuzimia. Siku swichi ikigoma kukata, pampu itaendelea kusukuma.

## Hatua ya 1: Soma namba za swichi mfumo ukiwa bado unafanya kazi

Fungua koki moja ndani, simama mbele ya geji. Andika mshale ulipo pampu inapowaka, na ulipo inapozima. Swichi nyingi hutoka kiwandani zikiwa 1.4 kuwasha na 2.8 kuzima, lakini yako huenda ilishachezewa na fundi aliyepita.

Kwa nini sasa? Upepo wa tanki jipya unafuata namba ya kuwasha. Bila namba hiyo utakuwa unakisia. Mshale ukirukaruka mno kwa sababu tanki limekufa, andika makadirio, utapima tena hatua ya 9.

Piga na picha ya mabomba yalivyofungwa, pamoja na nyaya za swichi.

## Hatua ya 2: Kata umeme, na uthibitishe

Zima breka ya pampu kwenye meinswichi. Kama umeme wa TANESCO umekatika wakati huo, au LUKU imeisha, bado zima breka. Umeme hurudi bila hodi, na wewe utakuwa umeshika bomba lenye maji. Mwambie kila aliye nyumbani asiiguse, na ubandike karatasi juu yake. Mtoto anayewasha breka ili aangalie televisheni hajui uko wapi.

Fungua kifuniko cha swichi ya presha, gusisha testa kwenye kila skrubu ya waya. Testa yenyewe ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ujue inafanya kazi. Boksi la kuwashia pampu lenye kapasita usilifungue. Kapasita hushika chaji hata breka ikiwa imezimwa, na kazi hii haihitaji uiguse.

Kukiwa na waya wa ethi uliofungwa kwenye bomba au kwenye tanki, uweke alama. Lazima urudi ulipokuwa. Ukikuta nyaya zilizoungua au zisizoeleweka, simama hapo na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kazi ya bomba utaendelea nayo akimaliza.

Umefanikiwa ikiwa: testa haiwaki popote kwenye swichi, na ukifungua koki presha inashuka bila pampu kuwaka.

## Hatua ya 3: Toa presha yote

Funga koki inayopeleka maji ndani. Kama nyumba ina simtanki la akiba juu, funga na lake, la sivyo maji yatarudi kukumwagikia.

Una maji ya TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, pia? Mstari wao uwe umefungwa na usiwe umeunganika na wa kisima. Kama viwili hivyo vinakutana kwa koki moja tu, huu ndio muda wa kuvitenganisha. Koki ikivuja kidogo, pampu yako inasukuma maji ya kisima kwenye bomba la mtaa mzima, na majirani watayanywa.

Unganisha mpira wa bustani kwenye koki ya chini kabisa, peleka maji kwenye miti, fungua. Mshale ushuke hadi sifuri. Usiuamini peke yake, maana geji nyingi za zamani zimeganda. Sikiliza kwenye koki: mpaka maji yaache kutoka kwa nguvu, kazi haijaisha.

Sasa bonyeza pini ya vali ya upepo ya tanki la zamani mpaka liishe pumzi. Tanki lenye upepo halifunguliwi hata kama maji yamekwisha, kwa sababu mpira uliobanwa unaweza kutema maji kwa kishindo nati ya mwisho ikilegea.

## Hatua ya 4: Toa tanki la zamani

Tanki lililokufa halitoi maji yote kwa koki. Mpira uliopasuka unaziba mdomo na maji yanabaki ndani. La lita 100 linaweza kuwa bado na kilo 60 au 80 za maji, juu ya uzito wa chuma chenyewe. Hapa ndipo watu wanaumia migongo na vidole vya miguu. Pampia upepo kidogo kupitia vali huku koki ya chini ikiwa wazi, maji yatasukumwa nje. Yakigoma, legeza kiungio cha tanki taratibu na uyaache yamwagike hapo hapo. Tafuta mtu wa pili kabla ya kulinyanyua.

Sasa zile renchi mbili. Moja inashika kiungio cha bomba kisizunguke, ya pili inafungua nati ya tanki. Ukitumia moja, nguvu yote inaingia kwenye bomba. La plastiki ya PPR hupinda au kuvunjika penye tii, la chuma lililoshikwa na kutu hukatika nyuzi, na kazi ya asubuhi inageuka ya siku mbili. Nati ikigoma, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri robo saa, jaribu tena. Usipige nyundo karibu na swichi wala geji.

## Hatua ya 5: Safisha penye swichi

Usiruke hatua hii kwa kuwa tanki limeshatoka. Swichi inasoma presha kupitia tundu dogo, jembamba kuliko kalamu. Kutu na tope laini hulifunga kidogo kidogo. Tundu likiziba, swichi inachelewa kusikia: inachelewa kuwasha, inachelewa kuzima, na tanki jipya linalaumiwa.

Fungua kibomba kifupi kinachobeba swichi, kichokonoe kwa waya mwembamba, kisuuze. Kikiwa kimeliwa ndani, weka kipya cha shaba. Fungua geji ya zamani na ufunge mpya. Piga brashi nyuzi zote zitakazopokea tanki mpaka uone chuma safi.

Angalia vipande vya chuma ndani ya swichi vinavyogusana kuwasha pampu. Vikiwa vimeungua na kuwa na mashimo, badilisha swichi nzima. Pampu iliyokuwa ikiwaka na kuzima wiki nzima huvichosha.

## Hatua ya 6: Weka upepo, tanki likiwa tupu

Tanki jipya limesimama sakafuni, halijaunganishwa na bomba lolote. Mdomo wake uko wazi. Upepo unapimwa na kurekebishwa tanki likiwa tupu hivi tu, bila presha ya maji.

Sababu ni hii. Tanki likiwa na maji, maji na upepo vinasukumana kupitia mpira, na vyote vina presha moja. Bomba likiwa na bar 2, geji kwenye vali ya upepo itakuonyesha bar 2, hata kama upepo uliobaki ni wa kujaza sufuria tu. Namba itakuwa nzuri na tanki litakuwa limekufa. Wengi wamepima hivyo, wakaona "presha ipo", wakaenda kununua pampu mpya.

Toa kifuniko, weka geji ya tairi, soma. Matanki mengi hutoka kiwandani yakiwa kati ya 1.5 na 2. Jingine lililokaa dukani muda mrefu utalikuta chini ya 1. Yoyote kati ya hizo si namba yako.

Namba yako ni ile ya kuwasha uliyoandika hatua ya 1, ukitoa bar 0.2. Swichi inawasha kwenye 1.4? Upepo uwe 1.2, ambao ni karibu psi 17. Inawasha kwenye 2? Upepo uwe 1.8, karibu psi 26. Ukizidi, bonyeza pini uupunguze. Ukipungua, pampia.

Compressor ya fundi wa bodaboda inafaa pia, lakini jaza kwa vipindi vifupi na upime kila mara. Upepo wake ni mwingi na mpira ambao haujabebwa na maji unaweza kuharibika mara moja.

Upepo ukiwa mdogo, maji yanaingia mengi kupita kiasi na mpira unavutwa hadi kubanwa ukutani. Kila mzunguko unavutika hivyo, mpaka upasuke. Maji unayopata nayo yanapungua: tanki la lita 100 kwenye swichi ya 1.4 na 2.8 lililotakiwa kutoa lita 34 litatoa kama 23 tu upepo ukiwa 0.5, hivyo pampu inawaka mara nyingi zaidi.

Upepo ukiwa mkubwa kuliko namba ya kuwasha, tanki linaishiwa maji kabla pampu haijaamriwa kuwaka. Unaoga, maji yanakatika ghafla, kisha yanarudi kwa kishindo. Kila yanapokatika, mpira unakandamizwa kwenye mdomo wa chuma, na hapo ndipo unapochanika. Tanki lililotoka kiwandani na bar 2, likafungwa kwenye swichi ya 1.4 bila kupimwa, linakufa kwa njia hii. Ndiyo hadithi ya matanki mengi "feki".

Ukimaliza, paka tone la maji ya sabuni juu ya vali. Povu likikua, kaza kiini cha vali, kile chenye pini, au ukibadilishe. Rudisha kifuniko. Kisha andika kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa tanki: upepo kiasi gani, swichi inawasha na kuzima wapi, tarehe. Fundi ajaye atakushukuru.

Umefanikiwa ikiwa: ukipima tena baada ya nusu saa, namba haijashuka.

## Hatua ya 7: Funga tanki jipya

Liweke kivulini, juu ya msingi wa zege uliosawazishwa. Jua la Septemba na Oktoba hapa kwetu huchosha mpira na kubabua rangi. Usiweke vipande vya mbao chini ya miguu, mchwa watavila na tanki litaning'inia kwenye bomba. Acha nafasi ya kufikia vali ya upepo. Nimeona tanki limejengewa ukuta upande huo huo wa vali, na likawa halipimiki tena bila kulifungua lote.

Zungusha tepu kwenye nyuzi za kiume kufuata upande wa kukazia, mizunguko kama 8 kwa inchi 1, ukiacha uzi wa kwanza bila tepu ili vipande visiingie ndani na kuziba tundu la swichi. Anza kukaza kwa mkono. Ikikataa mkononi, nyuzi zimekaa upande, ifungue uanze upya. Kisha renchi mbili kama mwanzo. Nyuzi za plastiki usizikaze kwa nguvu zote, hupasuka na ufa hauonekani mpaka presha ipande.

Kati ya tanki na mfumo weka yunioni na koki ya kufunga. Koki hiyo ibaki wazi siku zote na uitoe mkono ikiwezekana. Pampu ikiwaka huku koki hiyo imefungwa, presha itapanda na kushuka kwa sekunde moja moja. Vavu ya kupunguzia presha iliyozidi, kama unayo, iwe upande wa pampu na swichi, mahali ambapo hakuna koki inayoweza kuitenga.

Rudisha waya wa ethi.

## Hatua ya 8: Jaza maji taratibu

Koki ya nyumba ifungwe, ya kumwagia maji iwe wazi nusu. Funga kifuniko cha swichi, washa breka.

Pampu itawaka na kutoa upepo uliochanganyika na maji, kwa mikoromo. Ni kawaida, bomba lilikuwa tupu. Maji yatakuwa mekundu kidogo kwa kutu uliyoitikisa. Yaache yaende bustanini mpaka yawe safi na harufu ya mpira mpya iishe. Usiyanywe wala kupikia kabla ya hapo.

Funga koki ya kumwagia pole pole huku ukitazama mshale. Upande bila kurukaruka. Ukipita namba ya kuzimia kwa zaidi ya nusu bar na pampu bado inaimba, zima breka mara moja na urudi hatua ya 5, tundu la swichi limeziba au swichi imekufa.

Pampu ikizima, futa kila kiungio kwa kitambaa kikavu kisha pitisha karatasi ya chooni. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kiungio kinachotoa tone usikikaze presha ikiwa juu. Zima, toa maji, weka tepu mpya.

## Hatua ya 9: Pima mzunguko mzima

Fungua koki moja ya bafuni na usimame kwenye geji. Mshale ushuke polepole, wenyewe, bila kudondoka ghafla karibu na namba ya kuwasha. Andika unapowasha. Funga koki, hesabu muda mpaka pampu izime.

Ikichukua dakika 1 au zaidi koki zikiwa zimefungwa, umemaliza. Mshale ukianguka ghafla hadi sifuri kabla pampu haijawaka, upepo umezidi namba halisi ya kuwasha: zima breka, toa maji yote, punguza upepo kwa 0.2, rudia.

Ukitaka kugusa swichi, kwa nyingi nati kubwa hupandisha au kushusha namba zote mbili pamoja, na nati ndogo hubadilisha umbali kati yake. Zungusha robo tu kwa mara moja, breka ikiwa imezimwa, halafu pima tena. Ukibadilisha namba ya kuwasha, upepo wa tanki nao unabadilika. Hivi viwili haviachani.

## Ikiwa bado pampu inawaka bila mtu kutumia maji

Tanki lako huenda ni zima na maji yanapotea pengine. Pampu ikiwa imezima, funga koki ya nyumba na utazame mshale kwa nusu saa.

Mshale ukitulia, tatizo liko ndani ya nyumba: mara nyingi ni tanki la choo linalovujia kwenye sinki lake kimya kimya. Tia rangi ya chakula ndani yake, ikionekana chini bila kuvuta maji, umepata.

Mshale ukishuka na hakuna kiungio kilicholowa, maji yanarudi kisimani. Vavu ya kuzuia maji kurudi, ile mafundi wanayoiita nonriteni, imechakaa au kuna changarawe imeishikilia wazi. Iliyo juu ya ardhi unaibadilisha mwenyewe. Iliyo kwenye pampu chini kisimani inahitaji kuvutwa na watu wenye vifaa, usijaribu kwa kamba ya katani.

## Jambo la kiangazi

Visima vingi vya hapa vimechimbwa kwenye mwamba wa graniti, na maji yake yanakaa kwenye mwamba uliooza na kwenye nyufa. Kufikia Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, kiwango cha maji kinaweza kuwa kimeshuka sana. Kila mita 10 maji yanaposhuka, pampu inapoteza karibu bar 1 ya presha juu.

Kwa hiyo pampu iliyokuwa ikifika 2.8 mwezi wa Aprili inaweza kuishia 2.4 Oktoba, ikazunguka usiku kucha bila kuzima, na bili ya LUKU ikapaa. Tanki halina kosa. Shusha namba zote za swichi, kwa mfano 1 kuwasha na 2.2 kuzima, na upepo wa tanki ushuke hadi 0.8. Mvua zikikolea, rudisha. Pampu ikianza kutoa upepo kwenye koki, maji yameisha kabisa kwenye pampu: izime na uiache kisima kijae, kwa kuwa pampu ya kuzama hupozwa na maji yale yale na ikikimbia kavu inaungua.

Upepo upime kila baada ya miezi 6, maji yote yakiwa yametolewa na breka imezimwa. Kushuka kwa 0.1 ni kawaida, ongeza tu. Ukikuta umeshuka sana kila mara, vali inavuja au mpira umeanza kuchoka.

Tanki la zamani usimpe mtu akalikate kwa moto au kulichomelea liwe jiko kabla hujatoa kiini cha vali na kuhakikisha hakuna upepo wala maji yaliyofungiwa ndani. Chuma kilichofungwa chenye maji kikipata moto hulipuka. Toa kiini, toboa tundu kwa drili ya mkono, mwaga kilichobaki, ndipo liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.